Kapita Bado Anaingia Nikimwita

Wasomaji, nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu baba mukubwa naye husoma ukurasa huu. Nina miaka kumi na saba na nimemaliza shule mwaka huu. Mama yangu yuko kijijini; mimi ninaishi hapa Lubumbashi kwa baba mukubwa, mfanyakazi wa mgodi wa shaba, kaka wa marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyenisomesha, na ameahidi kunipeleka kujifunza ushonaji. Mimi si mtu wa kusema sana. Anayenisikiliza nyumbani ni mbwa wangu. Nilimwita Kapita, kwa sababu hutembea nyuma ya kila mtu kama msimamizi wa kazi.

Kapita nilipewa na Mama mmoja wa Kizungu wa mtaa wa Makomeno, ambaye mama mukubwa, mke wa baba mukubwa, alikuwa akimfulia nguo, alipokuwa anarudi kwao. Mbwa wake mwenyewe, mkubwa, alikuwa akilala katika kasha la mbao. Mama huyo alinionyesha namna ya kumfundisha Kapita: weka kitambaa laini ndani, mpe chakula humo humo, mlango uwe wazi, usimfungie kwa hasira hata siku moja. Baba mukubwa alileta kasha lililokuwa na vipuri vya mashine. Nikatandika blauzi yangu ya shule, nikaweka tonge la bukari, ugali wetu, nikapiga magoti na kusema polepole, "Kwako, Kapita." Ikawa hata radi ikipiga, anakimbilia humo mwenyewe.

Kisha wezi wakaingia kwa jirani. Baba mukubwa alimtazama Kapita akimtikisia mkia mgeni, akasema mbele ya rafiki zake, "Hii haiko imbwa. Iko mugeni. Inakula bukari na kusalimia bantu." Wakacheka. Akamkumbuka yule mbwa wa Mama wa Kizungu, aliyeogopwa na watu wote, akaelekeza kidole kwenye kasha, ambalo yeye huliita kesi. "Bazungu banafungaka imbwa yabo mu kesi, njo maana inakuwaka mukali. Na weye unamutandikia kitanda."

Tangu hapo, siku za mapumziko ya baba mukubwa kazini, Kapita hufungiwa ndani ya kasha juani, bila maji, ili awe mkali. Baba mukubwa humchoma kwa fimbo kupitia nafasi za mbao, kisha humpulizia unga wa pilipili. Kapita akilia, yeye huniambia, "Masomo yako iliisha. Ya yake njo inaanza."

Mara za mwanzo alimkuta amelala humo akamfungia, lakini sasa hawezi kumwingiza. Akimkaribia, Kapita huonyesha meno. Kwa hiyo huniambia mimi nimwite. Mara ya kwanza aliponiagiza nilisema, "Baba mukubwa, anaumia."

"Nani alikuuliza? Ita. Ao urudie kwa mama yako mu mugini, na mashini ya kushona utaisikia ku radio."

Nikamwita. Alitoka nyuma ya jiko akichechemea, jicho moja limevimba, mkia unatikisika. Akaingia, akazunguka, akalala juu ya blauzi yangu, akanitazama. Komeo nililifunga mimi, kwa mkono wangu.

Juzi mama mukubwa alikuwa akichambua maharagwe. Bila kuinua macho akaniambia, "Mupige weye mwenyewe, binti. Akiingia mule, umupige na fimbo. Ataogopa sauti yako, atakimbia, atatafuta bantu bengine."

"Na akirudi?"

"Umupige tena."

Leo asubuhi niliichukua ile fimbo na kwenda uani. Kapita aliinusa, akanilamba vidole vilivyoishika. Kisha akaingia kwenye kasha kabla sijafungua mdomo, akaningoja nimpe bukari. Nimeirudisha fimbo nyuma ya mlango.

Nikikataa kumwita, nafukuzwa, na yeye atabaki hapa na watu wenye fimbo. Nikimpiga, atajua kwamba hata mimi ni mmoja wao. Ninyi mliowahi kupenda kiumbe kisichojua kusema, nishaurini, nifanye nini? Msichelewe kunijibu. Siku ya mapumziko iko karibu, baba mukubwa ataniambia mwite, na mimi nikimwita, Kapita atakuja.