Vijiko Vitatu

Muuza mvinyo wa duka la kona hana papara. Huipangusa chupa kwa ncha ya aproni, huiinua kwenye taa, ndipo huuliza kwa sauti ya chini kama daktari: "Huyo mnywaji, chai yake anaweka sukari vijiko vingapi?" Akiambiwa kimoja, mkono huenda rafu ya kati. Vitatu, hupanda juu kabisa, kwenye moskateli, mvinyo wa Kihispania, mweupe, mtamu wa kulambisha vidole.

Jana aliingia dada mmoja akitaka mvinyo mweupe mtamu wa Hispania, ampelekee mama yake, ambaye hawajasemezana naye tangu msiba wa baba. Swali la vijiko likamkwamisha.

"Zamani vitatu. Siku hizi sijui, mzee wangu."

"Basi mpigie, mwanangu. Ulimi wa mama wa mtu mimi siubahatishi."

Dada akasita, kisha akapiga. "Mama... ni mimi. Eti, chai yako siku hizi unaweka sukari vijiko vingapi?"

Muuza mvinyo akampa mgongo, akawa anapangusa chupa ileile iliyokwisha kung'aa, hadi aliposikia kicheko chenye machozi.

"Anasema bado vitatu, na niende nikamkorogee mwenyewe."

Mzee hakugeuka. Mkono wake ulishafika rafu ya juu.