Kiboko Niliyemwona Kwenye Darubini

Chekeni tu, mimi mwenyewe bado nacheka. Saidi, rafiki yangu mwindaji hapa Rumonge, aliniomba nimsaidie kuchagua kati ya darubini mbili za bunduki. Sikujua kitu, ila nilijitia fundi.

"Chukua hii inayovuta vitu karibu sana," nikasema, nikaielekeza ziwani. Mgongo mkubwa mweusi ukajaa kioo kizima!

"Kiboko! Kimbieni!"

Wanawake waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wetu wa hapa, ufukoni wakatimua mbio, nami mbele yao wote.

Saidi akatazama kwa ile nyingine, inayoonyesha eneo pana. Akaangua kicheko.

"Rudi, ndugu! Iko baba mukwe wako, anaoga!"

Mzee alikuwa amesimama majini, povu kichwani, akinikazia macho.

"Mukwe," akaita, "kiboko ni nani?"