Mwaka Niliong'atwa na Popo

Nilipunguzwa kazi msimu ule ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha pikapu zao kijijini kwetu. Nilikuwa mpiga chapa kwenye chama cha ushirika, na chama hakikuwa tena na barua nyingi za kuandika. Nikaacha chumba nilichopanga Sokon, mjini Arusha, nikarudi kwa mama kwenye miteremko ya Meru na binti yangu wa miaka mitatu. Baba yake alikwenda Mererani kuchimba madini, na salamu zake zilikuwa zimekoma.

Kazi nyingine ilinijia kupitia kwa mchungaji wetu. Alikuwa amefika daktari wa mifugo kutoka chuo kikuu, mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga, anayejifunga ushungi hata akiwa amevaa buti za mvua. Alitaka mtu anayejua Kimeru, mwenye mwandiko mzuri, asiyeogopa popo. Mchungaji alimjibu kwamba sifa mbili za kwanza anaweza kunidhamini, ya tatu aniulize mwenyewe.

Aliniuliza. Nilidanganya kwamba siogopi.

Popo wenyewe walikuwa wamejaa kwenye mikaratusi nyuma ya kanisa, wamening'inia mchana kutwa wakigombana na kujipepea kwa mbawa. Kinyesi chao kilidondoka juu ya bati, na mvua ikinyesha kiliingia kwenye tangi la maji. Mwanakwaya mmoja alikuwa ameugua homa kwa wiki kadhaa, watu wakasema ni popo, na baadhi ya wazee wa kanisa walishataka miti ikatwe. Daktari aliomba wasubiri kwanza ajue ni popo gani, na wana nini.

Jioni, kabla giza halijashika, tulitandaza nyavu nyembamba kati ya migomba na mipera ya mama. Popo akinasa, daktari alimtoa kwa glavu nene za ngozi, akamgeuza mbele ya tochi na kuniuliza, "Huyu nani?" Aliuliza hivyo kila mara, kana kwamba mgeni amebisha hodi.

Mwanzoni wote kwangu walikuwa popo tu. Akanifundisha kutazama. Mwenye macho makubwa, uso kama wa mbwa mdogo na ukucha kwenye kidole cha pili cha bawa, huyo ni mla matunda. Mkubwa mwenye manyoya ya njano shingoni, rangi ya majani makavu, ndiye yule wa mikaratusi, na husafiri mbali sana. Mdogo zaidi, mwenye vishada vyeupe chini ya masikio, hulala wachache wachache kwenye miti yenye kivuli. Dume lake huficha manyoya meupe mabegani na kuyafunua anapomwita jike. Wa tatu ni wa kahawia, hukaa mapangoni.

"Huyo wa mapangoni ndiye ninayemwogopa zaidi," alisema. "Anashukiwa kwa ugonjwa wa kutokwa damu. Usipojua nani ni nani, utawachukia wote bure, au utawaamini wote bure."

Daktari alimtoa kila popo damu kidogo kabla ya kumwachia. Mimi niliandika: aina, jike au dume, uzito, urefu wa mfupa kutoka kiwiko hadi kifundo. Baada ya wiki chache nilikuwa namjibu kabla hajauliza. Sijui kama nimewahi tena kufurahi namna ile kwa kujua jambo.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Alizoea kuokota mapera yaliyoanguka, kukata sehemu iliyong'atwa na kutugawia iliyobaki. Siku moja daktari alimkuta akimpa binti yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu pera."

Daktari alilipokea, akalishika karibu na dirisha, akamwonyesha alama za meno. "Mate yake yamebaki hapa, mama. Sijui kama popo wa hapa wana ugonjwa, ndilo nililokuja kutafuta. Ila mpaka nijue, haya yaliyong'atwa naomba tuyafukie."

"Nimelea watoto sita kwa mapera haya," mama alisema. "Hakuna aliyekufa."

"Namshukuru Mungu kwa hilo, mama. Wala sisemi atakufa mtu."

Daktari alivua buti, akaukwea mpera, akaanza kumchumia mama mapera ambayo hayajaiva sawasawa, ya kuivishia ndani. Alichuma mpaka ndoo ikajaa. Jioni ile mama alimwekea bakuli la loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando, na tangu hapo yaliyong'atwa yakafukiwa bila mtu kukumbushwa.

Kisha nikang'atwa.

Kosa lilikuwa langu. Daktari alikuwa mwisho wa wavu akimtoa popo mwingine, nami nilikuwa na jike la mikaratusi mkononi, napima. Glavu ilikuwa nene, sikuisikia vizuri vidoleni rula ya kubana tuliyopimia mifupa, nikavua glavu. Jike likageuza kichwa likaniuma kidole cha shahada. Damu ilikuwa tone moja. Nikaipangusa kwenye kanga, nikavaa glavu, nikaandika vipimo.

Sikumwambia mtu. Alikuwa ameniambia mara nyingi nisivue glavu, nami niliona wazi nikimweleza nitarudi kukaa jikoni kwa mama bila kazi. Kwa siku mbili nilijiambia ni kama mwiba. Usiku nilimhamishia binti yangu kwenye kitanda cha mama, na sikusema kwa nini.

Siku ya tatu daktari alikuwa akipitia daftari. Akainua macho.

"Mwandiko wako umelala. Nionyeshe mkono."

Nilimwonyesha. Nilisubiri anifokee. Alinishika kifundo, akanipeleka mbio mbio kwenye bomba la kanisani, akakisugua kidole kwa sabuni ya kufulia, maji yakitiririka, robo saa nzima kwa saa yake ya mkononi. Mimi nilikuwa nalia, nikiomba msamaha.

"Nyamaza, dada," alisema. "Popo wanaweza kubeba kirusi ambacho ni ndugu wa kichaa cha mbwa. Mimi nilichanjwa kabla sijaanza kazi hii. Wewe sikukuchanja, kwa sababu kwenye karatasi zangu uliandikwa mwandishi, si mshikaji. Nikakupa glavu na popo juu yake. Kosa ni langu. Unisamehe."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniomba msamaha.

Mjini hospitali tuliyofika chanjo ilikuwa imeisha. Daktari alinirudisha kwa mama, akamweleza kila kitu bila kunisingizia wala kujitetea, akapanda basi la Moshi. Alirudi kesho yake asubuhi na chupa ya chai, ile ya kutunzia joto, ndani yake barafu na vichupa vya dawa. Nilichomwa sindano tano ndani ya mwezi mmoja, na kila sindano alikuwa amekaa nami kwenye benchi. Hakunificha kwamba ugonjwa ule ukianza kujionyesha hautibiki, wala kwamba chanjo haizuii ndugu wote wa kirusi kile. Nilipomuuliza kama nitapona alijibu, "Natumaini sana." Nilimwamini zaidi kwa sababu hakuapa.

Homa haikuja.

Majibu ya damu za popo yalichukua miezi mingi. Daktari aliyasoma baada ya ibada, nami nikitafsiri kwa Kimeru. Alisema virusi walivyovitafuta maabara havikuonekana katika popo waliopimwa, na kutoonekana si sawa na kutokuwepo. Mwanakwaya alikuwa amepona. Homa yake ilikuwa malaria. Daktari aliomba miti iachwe, tangi lifunikwe na mfereji wa bati uhamishwe, na mtu asimshike popo kwa mkono mtupu hata akimkuta amekufa.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. "Kwa hiyo tuwaogope au tusiwaogope?"

"Waacheni juu, nanyi mkae chini," alijibu, na watu wakacheka. Mfereji ulihamishwa wiki ile ile.

Kabla hajaondoka aliniandikia barua ya kuniombea nafasi kwenye chuo cha wasaidizi wa maabara. Mama ndiye aliyebaki na binti yangu miaka miwili niliyosoma, na kwa hilo pia sijui nimshukuru vipi. Nimefanya kazi ya maabara tangu wakati huo.

Daktari nilikutana naye tena mara moja, amestaafu, kwenye korido ya ofisi moja Arusha. Nilimwamkia, nikaanza shukrani niliyokuwa nimeipanga kwa miaka, sikuifikisha mwisho. Alinitazama, akanikumbuka, akauliza kwanza habari za binti yangu.

"Anasomea uuguzi," nilisema.

Akanishika mikono yote miwili pale koridoni, watu wakitupita, akasema, "Alhamdulillahi." Tukaenda kantini tukaagiza chai, na safari hii niliweza kumaliza kusema.