Jani la isale kwenye shingo ya gitaa

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Njoro, mjini Moshi, na mlima haujajionyesha. Mzee Elimringi, miaka 68, anafungua kibanda chake cha ufundi. Kabla hajagusa kazi ya mtu, anasimama kulitazama gitaa jekundu la umeme linaloning'inia ukutani.

Shingoni limefungwa jani la isale. Siku ya tisa leo. Limeanza kunyauka.

“Meku, hilo jani unalisubiri liive?” Rukia, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, anamchokoza mzee akimwita kwa heshima ya Kichagga.

“Shona, mama. Isale si mchicha.”

Magitaa anayotengeneza ni mitumba, mengi yamepitia mpakani Holili yakiwa yamekatika nyuzi. Vijana wa kwaya na bendi wanayagombania, ingawa mapya yamejaa madukani.

“Gitaa jipya ni kama mgeni, linakaa linakuangalia tu,” anasema. “La zamani limeshachezewa harusi, limeshaliliwa. Ukiligusa linaanza kuhadithia.”

Kazi nzuri humpa shilingi elfu ishirini. Siku nyingine anarudi mikono mitupu.

Shule aliishia darasa la nne. Gitaa alijifunzia kiwandani, alikokuwa mbeba magunia na mpiga solo wa bendi ya wafanyakazi. Mwimbaji alikuwa Elinipendo, aliyekuja kuwa mkewe. Gitaa na sauti ile vilipanda pamoja, anakumbuka, kama moshi wa majiko mawili ukikutana juu ya migomba.

Kisha kiwanda kikafungwa. Meneja wao, Yohana, akauza vyombo vya bendi. Gitaa jekundu, alilokuwa akilipiga Elimringi, akalichukua mwenyewe, likawa pambo la sebuleni kwake.

“Wakubwa wakila, sisi tunaambiwa tushukuru harufu,” anasema Elimringi. “Mke wangu hakuimba tena, hata jikoni. Mwaka wa nne huu tangu nimzike. Sauti ile nani atanirudishia?”

Wiki iliyopita Gladness, binti wa Yohana, alifika kibandani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Limeharibika wapi?”

“Halijaharibika. Baba anaumwa. Kasema nikuletee lilivyo.”

Mzee alilitambua papo hapo. Kikazio kimoja cha nyuzi alikichonga mwenyewe kwa mti wa kahawa, enzi spea zilipokosekana. Halafu akaliona jani. Kwa Wachagga, isale ni ombi la msamaha, na anayeletewa hakatai.

Hakukataa. Ila hakulifungua.

“Mila imenikaba koo. Na yeye siku ile alikuwa haijui mila?”

Asubuhi hii ndipo anapolishusha. Analifungua jani polepole, analitia mfuko wa shati, anachomeka waya. Spika inanguruma kidogo, kisha wimbo unatoka, laini, kama unatoka ng'ambo ya mto. Cherehani ya Rukia inanyamaza.

Katikati, vidole vinasimama. Anangoja, macho kafumba. Kisha anaendelea.

“Mbona umekatisha, Meku?”

“Hapo ndipo alipokuwa anaingia.”

Krismasi, ukoo utakaporudi kihambani, kwenye shamba la mababu huko Kibosho, atalipiga kando ya kaburi la mkewe. Amemtumia Gladness salamu: amlete baba yake, hata kwa kubebwa.

“Msamaha nimempa, isale hairudishwi,” anasema. “Lakini aje akae karibu. Nikifika mahali pa Elinipendo nitanyamaza, na yeye asikie palivyo kimya.”