Kamusi ya Kijapani Aliyoichagua Mama

Mtu akiniuliza kamusi ipi inamfaa anayeanza Kijapani, nacheka kwanza, kisha namjibu kwa uzito: chukua iliyoandika maneno pia kwa herufi unazozijua, yenye mifano ya sentensi, na isiyokuvunja bega. Nayajua haya kwa sababu mama yangu alichagua kinyume chake mbele ya macho yangu, na hapakuwa na wa kumzuia.

Ilikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, miaka ile vita vya Congo vilipokuwa vinatuletea majirani wapya kila mara. Mama alikuwa fundi cherehani. Binti mmoja Mjapani, aliyejitolea kufundisha ushonaji kambini, alizoea kushinda kwetu. Yeye hakujua Kiswahili, mama hakujua Kiingereza, na bado walishona pamoja, wakala nsima, ugali wa huko, sahani moja, wakachekea mambo ambayo sisi wengine hatukuyaona. Kisha tukasikia kwamba muda wa binti umekwisha, anarudi kwao.

Tulipokimbia kutoka Uvira, kwetu Congo, hatukumuaga mtu. Dada yake mama alikuwa shambani, jirani alikuwa sokoni, sisi tukaondoka na kile tu kilichokuwa mkononi. Jambo hilo lilimkaa mama rohoni kuliko nyumba tuliyoiacha. Kwa hiyo aliapa kwamba binti huyu ataagwa kanisani, kwa lugha ya kwao, na yeye mwenyewe, bila mkalimani. Mkalimani wetu wa kanisa nilimpenda, lakini ukimpa maneno mawili anakurudishia mahubiri.

"Tutaenda Lilongwe kutafuta diksionere," mama akasema kwa Kiswahili chetu cha Uvira. "We unajua Kiingereza. Utaniangalizia."

Katika soko la Biwi tulimkuta muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa nazo mbili, zilizoachwa na wageni. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, Kijapani chake kimeandikwa kwa herufi zetu. Nikaifungua kwa furaha, kumbe ni ya watalii: kituo kiko wapi, nimepoteza sanduku, nipe chumba chenye bafu. Hata hivyo tungeweza kuisoma. Ya pili ilikuwa nene kama tofali, na Kijapani chake chote kilikuwa kwa maandishi yao. Ilitungwa kwa ajili ya Wajapani wanaojifunza Kiingereza, si kwa ajili ya watu kama sisi.

Mama hakusoma hata moja. Alizigeuza, akavuta majalada, akachungulia mgongoni namna kurasa zilivyoungwa, akapitisha kidole kama anayekagua koti la mteja.

"Hii kidogo balibandika na gundi tu, itaachana. Hii kubwa balishona. Angalia mushono yake!"

"Mama, hii kubwa hatutaweza kuisoma."

"Bantu benye kushona hivi habawezi kuandika uongo ndani."

Muuzaji akacheka, mama akampa zikomo yake, asante ya Kichewa, tukarudi Dzaleka na tofali letu.

Nyumbani nilitaka kulia. Maneno aliyoyataka yalikuwemo yote: mtoto, nyumba, kula, rudi. Nikamtafutia moja baada ya jingine kwa Kiingereza, na mbele ya kila neno vikasimama vijichoro ambavyo sikujua hata vinaanzia wapi. Nikamwambia ukweli: tutayaona, lakini hatutayatamka.

Mama akautazama ukurasa kama anayetazama mchoro wa gauni. "Si modeli njo hii?" akasema. "Modeli banaifuata."

Akachukua chaki na kitambaa cheupe, akanakili, kisha akatarizi kwa uzi mwekundu. Fundi mzuri hapunguzi kitu kwenye modeli. Nilijaribu kumweleza kwamba namba zilizo ndani ya viduara, mabano na vimishale si sehemu ya neno. "Umejuaje, na we hauwezi kusoma?" akaniuliza. Akavishona vyote.

Siku ya kuaga, mama alisimama mbele ya kanisa, akakikunjua kitambaa. Binti akasogea, akaanza kusoma kwa sauti, kwa Kijapani. Mara akashikwa na kicheko mpaka akainama. Alipopata pumzi akanieleza kwa Kiingereza, nami nikalitafsiria kanisa: mtoto, kwanza wa mtu, pili wa mnyama. Nyumba, tazama ukurasa mwingine. Kula, pia husemwa kwa kutu inayokula chuma. Kanisa likaangua kicheko. Mama alicheka kuliko wote, hakuona haya hata kidogo, nami nilimwonea fahari.

Binti alipofika kwenye neno la mwisho, rudi, aliyaacha maelezo yake yote. Alilisoma lenyewe, akalisoma tena taratibu, kisha akamkumbatia mama, kitambaa kikiwa katikati yao.

Sahani za wali zikaanza kupita. Wawili hao walikuwa bado wamesimama pale mbele, binti akisema kwa Kijapani, mama akijibu kwa Kiswahili cha Uvira, kila mmoja akingoja zamu yake kwa adabu, machozi na kicheko pamoja. Hakuna aliyeniita nitafsiri. Jirani yetu wa kambini akanivuta mkono, akataka kujua banasema nini.

"Banaagana," nikamwambia.