Mama Miche na Ndoo Mbili za Udongo

Saa mbili asubuhi, Mama Miche amepiga magoti kitaluni, anachana kwa wembe kiriba, kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche. Mche uliomo una majani manne ya njano na kamzizi kamoja kafupi. Anautupa kwenye rundo, anachukua mwingine.

"Huu nao hamna kitu," anasema, bila hata kukasirika. Hasira zilimwishia wiki iliyopita.

Ana miaka hamsini na minane, thelathini kati ya hiyo akiotesha na kuuza miche ya miti ya asili. Msimu huu alijaza viriba elfu mbili. Miche iliyopona ni mia moja na arobaini.

Kosa ni lake, wala halifichi. Mama mkwe wake alimfundisha kujaza viriba kwa udongo wa chini ya miti mikongwe, na kuunusa kwanza kabla ya kuubeba. Msitu alimokuwa akiuchota ulifyekwa, ikapandwa mikaratusi mitupu. Mwaka huu akachota humo humo.

"Niliuona mweusi, nikajaza. Sikunusa. Mgongo ulikuwa unaniuma, nilitaka yaishe."

Bwana miti, ofisa misitu wa kata, alimweleza kwamba nyuzi za ukungu wa ardhini zilizokuwa zikisaidia mizizi kula zilipotea pamoja na msitu wenyewe. Mama Miche alimsikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ndicho alichokuwa ananusa yule bibi," akamjibu.

Udongo wa zamani sasa umebaki nyuma ya nyumba ya shemeji yake tu, mdogo wa marehemu mumewe, naye Jumatatu anang'oa miti ili afyatue matofali.

"Shemeji, kwani udongo si udongo tu?" bwana huyo alimuuliza.

Mama Miche alimbembeleza siku tatu, akaambulia ndoo mbili.

Zingetosha kuanzishia kitalu kingine, na nyumbani wote walitarajia hivyo. Badala yake amechimba mashimo katikati ya shamba lake la mahindi. Kila shimo anatia konzi ya udongo ule na mche mmoja uliopona.

"Mama, si hapa ndipo tunapopata chakula?" anauliza mke wa mwanawe, mtoto mgongoni.

"Ndipo, mwanangu. Tutajibanabana."

Anaketi chini, anajifuta jasho kwa upindo wa nguo. Amechoka, na anasema amechoka. Hapa patahitaji miaka ishirini hivi ndipo udongo ufae kuchotwa, na hategemei kuiona yote.

"Hii siuzi," anasema, akimtazama mjukuu. "Nataka huyu akija na ndoo yake, asimbembeleze mtu."