Marehemu Anayeuza Bangili Karatu

Saa mbili asubuhi, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, marehemu anafukuza mbuzi anayeinyemelea chapati yake. Kisha anakaa juu ya ndoo aliyoipindua, anaendelea kutunga shanga.

Marehemu anaitwa Nasieku Parmuat. Ana miaka arobaini na mmoja na, kwa jinsi kandambili aliyoirusha ilivyompata mbuzi, afya yake ni njema.

Alifia katika duka moja la vinyago mjini Karatu. Mwenye duka, Godson, alikuwa akinunua kwake bangili thelathini kwa wiki, kila moja shilingi elfu tatu. Mwaka jana akaanza kuzibandika msimbo wa QR, ile miraba myeusi na myeupe ambayo mtalii huimulika kwa simu akapata maelezo. Maelezo yalisema hizo ni bangili za mwisho za bibi kizee wa Piyaya, Nasieku Parmuat, aliyekata roho akiwa na sindano mkononi.

"Mzungu alisoma jina kwenye meza yangu, akanishika mkono, akalia," anasimulia. "Nikamuuliza dereva wake, huyu analia nini? Akasema, anakulilia wewe, mama."

Alimfuata Godson dukani siku hiyo hiyo.

"Mama, hiyo ni stori tu. Wageni wanapenda stori," Godson alimwambia.

"Basi ungekufa wewe kwenye hiyo stori!"

Biashara kati yao iliishia hapo. Msiba haukuishia hapo. Supeet, dereva mwingine wa watalii aliyeyasoma maelezo dukani, alikuwa ameshaifikisha habari Piyaya, kijijini kwao Nasieku, na kwa wazee wa huko jina la marehemu halitamkwi. Mdogo wake Nasieku alikuwa na binti mchanga aliyepewa jina hilo kwa heshima ya mama yake mkubwa. Mtoto akabadilishiwa jina.

"Kuniua, sawa," anasema Nasieku. "Lakini kumvua mtoto jina? Hapana. Hilo nalikataa."

Akaenda kwa Laurencia, mwenye duka la stesheneri, wakarekodi video na kutengeneza msimbo wao. Nasieku akautunga kwa shanga: mraba kwa mraba, miraba mia sita ishirini na tano, siku tisa.

Simu ikagoma kuusoma. Laurencia alihesabu miraba hadi machozi yakamtoka, kisha akauliza, "Hii nakshi nyekundu na kijani pembeni ni ya nini?"

"Ni mpaka. Kazi isiyo na mpaka ni uchi."

"Umeukaba, mama. Msimbo unataka uwazi mweupe kuuzunguka."

Nasieku hakukubali kuuacha uchi. Aliufumua mpaka, akatunga safu nne nyeupe, kisha akaurudisha mpaka ule ule nje yake.

Asubuhi hii Supeet ameegesha gari. Kwa mwaka mzima amekuwa akimwita "wewe mama" tu, akilikwepa jina la marehemu.

"Piga hapo, mpeleka misiba," Nasieku anamwamuru.

Supeet anamulika. Simu, ambayo haijui miiko ya mtu, inapaza sauti: "Mimi ni Nasieku Parmuat. Niko hai. Bangili ninatunga mimi."

Supeet anacheka kwa aibu. "Haya, Nasieku. Nimekusikia."

Jumamosi atampeleka Piyaya bure, kama faini. Nasieku atauvaa msimbo kifuani na kwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, amtake amwite mtoto tena kwa jina lake.

"Akisita, nitambonyezea simu," anasema. "Akisita tena, nitabonyeza tena. Chaji ninayo."